Nzige wa Mbuga ya Katavi, na Majina Yake

Watu wa nchi zetu, wakiulizwa nzige hutoka wapi, hunyosha mkono. Wa kusini huonyesha kaskazini, wa kaskazini huonyesha jangwani, na wa pwani huonyesha bara. Wote hukubaliana juu ya neno moja tu, ya kuwa nzige ni mgeni. Huja kama wingu, hula, huondoka, na aliyeliwa shamba lake hubaki akiuliza ni nchi gani iliyomtuma. Hata miaka ya 2020 na 2021, nzige wa jangwani walipoifunika Kenya na baadhi yao kuvuka mpaka wa kaskazini mwa Tanzania, kila aliyesikia habari zile alitazama kaskazini. Illakini yuko nzige mwingine, naye ndiye aliyezitaabisha karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini ya ikweta tangu mwaka 1930 hata 1944, ambaye kwao kunajulikana vema. Mahali pamoja palipo kwao ni mbuga za Katavi, safari ya siku moja kutoka mashamba ya Katumba. Habari za nzige huyo ndizo tunazotaka kuzieleza hapa.

Kwanza na tutazame majina, maana ndani yake umo ubishi wote wa jambo hili. Mswahili hutenga panzi na nzige. Panzi ni mdudu wa majani, mmoja mmoja, mchezo wa watoto na chakula cha kuku. Methali humtaja kwa unyonge wake, isemapo kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nzige hatajwi mmoja. Ni nadra mtu kusema ameona nzige. Husema nzige wamekuja, kama asemavyo mvua imekuja. Tena aliye mchanga, asiyeota mbawa, ana majina yake mwenyewe: kimatu, tunutu, funutu, maige, na watu wa mahali mbalimbali hawapatani sana ni jina lipi la umri upi. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 waliuona msaada wa wingi huo walipofika kitabu cha Yoeli. Kiebrania chataja pale majina manne mfululizo, nao wakaweka tunutu, nzige, parare na madumadu. Hata leo wajuzi wa Kiebrania hushindana kama majina yale ni ya wadudu wanne mbalimbali, ama ni ya mdudu mmoja katika nyakati nne za maisha yake. Na parare, kwa watu wengi waliolelewa katika Kiswahili, ni panzi tu. Basi mpaka uliopo kati ya panzi na nzige si imara kama tunavyodhani, na baadaye tutaona kwamba viumbe wenyewe hawauheshimu.

Neno nzige ni la zamani sana. Waganda husema enzige, Wanyarwanda na Warundi inzige, Wakikuyu ngigi. Lugha hizi zimeachana muda mrefu, hata msemaji wa moja hamwelewi wa pili, nazo zimelishika jina moja. Ni dalili kwamba wazee wa lugha hizi walimjua mdudu huyu kabla hawajatawanyika. Kuelekea kusini jina hugeuka: Wachewa humwita dzombe, na Wazulu isikhonyane. Warundi walipofika Katumba mwaka 1973 walikuwa na maneno mengi ya Kiswahili ya kujifunza, bali hili hawakuhitaji kufundishwa.

Jamaa zake ni wengi. Panzi, nzige, senene na nyenje wote ni ukoo mmoja, wenye miguu mirefu ya nyuma ya kurukia na taya za kutafuna. Mwenye vipapasio vifupi kichwani ni panzi au nzige. Mwenye vipapasio virefu kama uzi ni senene au nyenje. Nyenje na senene wa kiume huimba kwa kusugua bawa juu ya bawa, lakini panzi waimbao wengi husugua paja juu ya bawa. Senene huwafikia watu wa Bukoba kwa makundi usiku, hasa mwezi wa Novemba, nao hukaangwa na kuliwa kwa furaha, wala hakuna asemaye kuwa ni msiba. Msomaji asifikiri kwamba tofauti ni ya kula. Nzige naye huliwa. Huondolewa mbawa na miguu, huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na wengi humsifu. Tofauti ni kwamba senene huacha shamba likisimama.

Nzige tunayemsema huitwa na wataalamu Nomadacris septemfasciata, jina la pili likiwa na maana ya mikanda saba, kwa ajili ya alama nyeusi za bawa lake la mbele. Jina la kawaida ni nzige mwekundu, kwa kuwa bawa la nyuma lina wekundu shinani. Ni mdudu mkubwa, wa sentimita sita hata nane. Mwaka wake wafanana na mwaka wa mkulima. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, jike hudidimiza mkia wake katika udongo wenye unyevu na kuweka mayai yake humo ndani ya povu ligeukalo kuwa kifuko. Baada ya mwezi mmoja hivi hutoka watoto wasio na mbawa, nao hula na kujivua ngozi mara nyingi kwa muda wa miezi kama miwili. Machi au Aprili, mahindi yanapokomaa, wamekwisha kuota mbawa. Hapo ndipo waachanapo kabisa na nzige wa jangwani, awezaye kuzaa kizazi juu ya kizazi kila anapokuta mvua. Nzige mwekundu hungoja. Kiangazi chote hukaa mzima, mwenye mbawa, asitage hata yai moja, mpaka mvua za mwaka mwingine. Huzaa mara moja tu kwa mwaka.

Mbuga ambazo huyu hupendezwa nazo si nyingi. Katika Tanzania zatajwa nne: Wembere, Malagarasi, bonde la Rukwa, na mbuga za Iku na Katavi. Nyingine ziko Zambia, kama Mweru wa Ntipa na Kafue, na nyingine Malawi na Msumbiji. Mwenye ramani aiweke mbele yake, ataona kwamba Katumba, iliyo kaskazini mashariki ya mji wa Mpanda, iko kati ya mbuga mbili za namna hiyo, Malagarasi kaskazini na Katavi kusini.

Mto Katuma huingia Katavi na kuyajaza maji maziwa mawili yasiyo na kina, Katavi na Chada, halafu maji husogea kwa Mto Kavuu hata Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea. Wakati wa masika maziwa hayo hufurika juu ya mbuga. Kiangazi hukauka yakabaki matope, na viboko husongamana humo mmoja juu ya mwenziwe. Rukwa nalo hupanda na kushuka mwaka hata mwaka. Kila maji yanaporudi nyuma huacha ardhi mpya, na majani mapya huota juu yake. Nyati na tembo huyakanyaga majani marefu, nyamera hufuata na kula machipukizi, na hivyo mbuga huwa viraka, hapa majani ya kumfunika mtu, pale uwanda mtupu. Desmond Vesey-FitzGerald, aliyetumwa kuchunguza nzige huko Abercorn, aliandika mengi juu ya zamu hizo za wanyama katika bonde la Rukwa, na maandiko yake husomwa hata na watu wasiojali nzige. Nzige mwekundu ataka vyote viwili: majani marefu ya kulala na kujificha, na uwanda wa kutagia.

Kisha huja moto. Kila kiangazi mbuga huungua, mara kwa mkono wa mwindaji au mchungaji, mara kwa mkono wa mtu asiyejulikana. Nzige waliotawanyika juu ya nchi pana hukimbia ndimi za moto na kukusanyika katika viraka vilivyosalia. Moto wa pili huvipunguza viraka. Kufikia Oktoba wadudu waliokuwa mmoja mmoja hukaa bega kwa bega katika majani machache, na mvua inaposhuka, ardhi iliyoungua iko tupu, laini, tayari kwa mayai yao wote.

Kukaa bega kwa bega ndiko kulikoleta fumbo lililowashinda watu kwa karne nyingi. Mwaka 1921 Boris Uvarov, aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kuhamia London, alieleza kwamba nzige wa namna mbili, waliodhaniwa kuwa wadudu mbalimbali kwa rangi na umbo na tabia, walikuwa mdudu mmoja. Alikuwa akisema juu ya nzige wengine, si huyu wetu, lakini baadaye ilionekana kwamba sheria ni ile ile kwa nzige mwekundu. Anapokuwa peke yake huwa na rangi ya majani, huwakwepa wenziwe, na maisha yake ni ya panzi. Wakisongamana, watoto wao hutoka wenye rangi nyeusi na manjano na nyekundu, hutembea pamoja, hugeuka pamoja, na wakiota mbawa huruka pamoja. Hakuna mbegu nyingine iliyoletwa kutoka mbali. Panzi wa juzi ndiye nzige wa leo.

Twaona hapa kwamba lugha iliwahi kabla ya wataalamu, na tena ilichelewa. Iliwahi kwa kumpa mdudu mmoja majina mengi kwa kadiri ya umri wake. Ilichelewa kwa kuwa hakuna jina hata moja lililotuonya kwamba panzi aweza kuwa nzige.

Watu wa nchi hizi hawakungoja mwaka 1930 kuyajua madhara yake. Nzige waliingia nchi zilizokuwa chini ya Wadachi mwaka 1894, na Uzigua watu walikufa kwa njaa hata 1896. Lakini msiba wa miaka ya thelathini ulipita ule kwa upana na kwa muda. Mwisho wa miaka ya ishirini nzige wa jangwani walishuka kutoka kaskazini. Wengine, wa jamii ya nzige wahamao, wakaja pia. Na wakati huo huo, pande za Mweru wa Ntipa na Rukwa, nzige mwekundu aliinuka. Wale wawili wa kwanza walipita. Huyu alikaa miaka kumi na minne, akafika Kongo na Angola, Uganda, hata nchi za Afrika ya Kusini.

Njia za kupigana naye zilikuwa chache. Watu walipiga madebe na ngoma ili wasitue, wakawasha moto wa moshi, wakachimba mahandaki na kuwaswaga humo watoto wasio na mbawa, kisha wakawafukia. Serikali zilitoa pumba zilizotiwa sumu ya aseniki, zikatawanywa njiani mwao. Pumba hizo ziliua nzige, na ng'ombe pia wasipochungwa.

Jambo moja la miaka ile lingaliko mezani kwetu, ingawa wachache hukumbuka asili yake. Nzige mwekundu hupenda jamii ya majani: mahindi, mtama, ulezi, mpunga, miwa. Muhogo haupendi kiasi hicho, tena akila majani ya juu, mzizi hukaa salama chini ya udongo. Kwa hiyo serikali ya Tanganyika iliwahimiza watu, na mara nyingi kuwalazimisha, kulima muhogo kuwa akiba ya njaa. Upande wa Urundi Wabelgiji nao walilazimisha muhogo, huko hasa kwa sababu ya njaa zilizokwisha kupita. Wazee wengi waliuchukia muhogo wa amri. Wajukuu wao huula kila siku na hawajui kwamba uliwahi kuwa amri. Mrundi aliyeleta Katumba mazoea ya muhogo alifika kwa wenyeji waliokwisha kuupokea kwa njia ile ile ya kulazimishwa.

Mtu aweza kuuliza, kama kwao nzige ni karibu hivyo, mbona hawakujulikana mapema? Sisi twadhani sababu moja ni kwamba nchi ile ilikuwa na mashahidi wachache. Mbung'o walikuwa wengi. Katika miaka ya ishirini na thelathini serikali iliwakusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja kwa kuogopa malale, na misitu ikaachiwa wanyama. Katika mbuga isiyo na shamba, panzi wakiongezeka hakuna wa kulalamika. Alalamikaye ni yule wa mbali, kundi linapotua kwake, naye hunyosha mkono asijue aonyeshe wapi.

Watafiti walipokwisha kuzipata mbuga hizi, shauri lilibadilika. Ilionekana ni upuuzi kungoja makundi yaruke ndipo kuyafukuza katika nchi kumi. Yafaa kumkuta nzige kwao, angali panzi. Mwaka 1949 serikali mbalimbali zilifanya mkataba huko London, na idara ya kimataifa ya kumzuia nzige mwekundu ikawekwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, Zambia, juu ya milima kati ya Tanganyika na Rukwa. Badala ya pumba zikaja dawa za unga na za maji, na ndege za kunyunyizia. Wakoloni walipoondoka idara haikufa. Mwaka 1971 liliundwa shirika jipya la nchi huru za Afrika ya kati na kusini, na makao yake yako Ndola. Tangu 1944 nzige mwekundu ameinuka mara nyingi katika mbuga zake, lakini msiba kama ule haujarudi.

Wakati shirika hilo likiwa na miaka miwili, nchi iliyokuwa tupu ilipata watu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliletwa katika misitu ya miombo ya Mpanda, na makazi ya Katumba yakafunguliwa mwaka 1973. Walifyeka, wakalima mahindi na maharage, muhogo na karanga, na baadaye tumbaku. Mwaka uliofuata, 1974, mbuga za Katavi zilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Hivyo kwa muda wa miaka miwili tu mambo mawili yalitokea yasiyopangwa pamoja: shamba lilisogea karibu na nyumba ya nzige, na nyumba yenyewe ikawekewa mpaka ambao mkulima haruhusiwi kuuvuka. Wengi wa watu hao walikabidhiwa hati za uraia wa Tanzania mwaka 2014, baada ya kuitwa wageni zaidi ya miaka arobaini. Nzige, ambaye kila mtu humwita mgeni, alikuwapo Katavi muda wote.

Hifadhi ilileta shida ya namna yake. Dawa zilizoua nzige katika miaka ya hamsini na sitini hazikuchagua. Ziliua na nyuki, na samaki, na ndege walao nzige, kama korongo. Kumwaga sumu hiyo juu ya maziwa ya Katavi, penye viboko na mamba, si jambo ambalo mlinzi wa hifadhi angelikubali kwa moyo mweupe. Kuacha kuimwaga ni kuwatia hatarini wakulima wa Mpanda na wa mbali zaidi.

Shida hiyo ilijaribiwa mwaka 2009. Nzige wekundu waliongezeka sana Iku na Katavi, katika mbuga za Rukwa, na katika bonde la Malagarasi, yaani pande zote mbili za Katumba. Shirika la Ndola, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walitumia ndege kunyunyizia kiasi cha hekta 10,000. Na katika kazi hiyo walitumia kuvu aitwaye Metarhizium, aliyekuzwa na kutengenezwa kuwa dawa iitwayo Green Muscle. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika dawa ya namna hiyo kutumika kwa upana kama huo dhidi ya nzige. Chembe za kuvu hushika ngozi ya nzige, humea, hupenya ndani, na kumla. Hafi siku ile. Hudhoofika, huacha kula, na katika wiki moja hata tatu amekwisha. Kiboko alaye majani yale hapati neno, wala mtu. Makundi hayakuruka. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba kama yangaliachwa, chakula cha watu kama milioni 15 kingalikuwa hatarini.

Kazi ya namna hii ina ubaya mmoja, kwamba ikifanywa vema hakuna kitu cha kuonyesha. Hakuna wingu, hakuna njaa, hakuna picha. Ndiyo maana michango ya nchi wanachama huchelewa mara nyingi, na ndege ya kupimia hubaki chini kwa kukosa mafuta katika miaka ambayo, kwa hesabu ya mkulima, haina habari. Na miaka isiyo na habari ndiyo inayopasa kuhesabiwa. Mpimaji huingia mbugani kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa moto, akipita katika majani marefu na kuhesabu wangapi wanaruka mbele ya miguu yake au mbele ya gari. Hurudi tena kabla ya mvua, viraka vilivyosalia vinapokuwa vichache. Wakiwa wachache kwa eneo, huandika tarakimu na kwenda. Wakiwa wengi, huwa na majuma machache tu kabla hawajataga.

Mwenye shamba Katumba hana njia ya kufanya hesabu hiyo. Nzige mwekundu mmoja aliyepotea akatua juu ya jani la hindi, kwa macho yake ni panzi tu wa rangi ya majani makavu, mkubwa kidogo kuliko wengine, mwenye alama nyeusi mbawani. Watoto humkamata, wakamfunga uzi mguuni, na jioni kuku humla.